Tanki la Petroli Linagoma Kujaa: Fuata Njia ya Hewa

Taa ya mafuta imewaka, unaingia sheli, nozeli inakata baada ya lita mbili. Mhudumu anabonyeza tena, inakata tena. Kabla hujanunua kifaa chochote, elewa hili: kila lita ya petroli inayoingia lazima itoe lita ya hewa. Hewa ikikosa pa kutokea, petroli hupanda kwenye shingo ya tanki na kuziba kitundu kidogo kilicho kwenye ncha ya nozeli, nayo hujifunga. Nozeli inafanya kazi yake. Kazi yako ni kutafuta hewa imekwama wapi.

Hatua ya 1: Ondoa shaka ya pampu
Jaribu kituo kingine. Omba mafuta yaingie polepole, na nozeli izungushwe robo mzunguko. Ikikata kwenye pampu moja tu, gari ni zima.

Hatua ya 2: Pima kwa lita, si kwa mshale
Toyota Premio ina tanki la lita 60; taa ikiwaka, litegemee kupokea karibu lita 50. Likizipokea zote na mshale ukabaki robo tatu, tanki limejaa: kasoro iko kwenye boya la geji, na hatua zinazofuata hazikuhusu. Likikata kila baada ya lita moja au mbili tangu mwanzo, njia ya hewa imeziba. Likipokea vizuri kisha likagota daima kwenye kiwango kilekile, shuku valvu iliyo juu ya tanki, au tanki lenyewe kubonyezwa na jiwe. Hilo la mwisho hutokea sana kwenye barabara mbovu, nalo huonekana kwa macho ukichungulia chini.

Hatua ya 3: Shingo na mpira wa kupumulia
Fanya kazi mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa, waya hasi wa betri umetolewa, kizima moto karibu. Pandisha gari kwa jeki, liweke kwenye stendi, toa gurudumu la nyuma upande wa mdomo wa tanki na plastiki ya kuzuia matope. Utaona bomba nene la kujazia na, kandoni mwake, mpira mwembamba unaorudisha hewa kutoka juu ya tanki. Kagua kama umejikunja, umebanwa, au umelainika kwa uzee ukabonyea. Legeza klipu, uchomoe ncha ya juu, kisha fungua kifuniko cha tanki na usukume hewa taratibu kwa pampu ya baiskeli. Ipite bila kukaza. Usipulize kwa mdomo, na usitumie kompresa ya matairi: presha yake yaweza kupasua tanki au kuharibu valvu.

Hatua ya 4: Kanista ya mkaa
Hapa ndipo pa kutulia. Kanista ni kopo la plastiki lenye mkaa unaonasa mvuke wa petroli. Mara nyingi liko chini karibu na tanki, na kwenye magari ya zamani liko kwenye chumba cha injini. Lina njia tatu: ya kutoka kwenye tanki, ya kwenda kwenye injini, na ya hewa ya nje. Anza na hii ya nje, maana vumbi, matope, utando wa buibui na viota vya nyigu hupenda kuiziba. Safisha mpira na kichujio chake. Kama ina valvu ya umeme, kwa kawaida hiyo huwa wazi bila umeme; ikikataa kupitisha hewa hali imechomolewa, imekwama. Kompyuta ya gari ikitoa kosa P0446, yaani hitilafu ya umeme wa valvu hii, kagua pia waya na soketi yake.

Kisha toa kanista yenyewe. Ziba njia ya injini, sukuma hewa kwenye njia ya tanki. Itoke nje kwa urahisi. Ikiwa nzito, inanuka petroli mbichi au inamwaga unga mweusi, badilisha. Kuiosha hakurudishi mkaa.

Kinachoiua hasa ni ile tabia ya kushindilia mafuta baada ya nozeli kukata ili bei ifike namba kamili. Nafasi ile ya juu imeachwa kwa makusudi: lita 60 zikipata joto la nyuzi 15 zaidi huongezeka kwa karibu lita moja. Ukiijaza, petroli ikiwa bado kimiminika huingia kwenye kanista iliyoundwa kwa ajili ya mvuke tu.

Hatua ya 5: Valvu ya juu ya tanki
Hii inataka tanki lishushwe. Subiri mafuta yafike chini ya robo, kwani lita 40 zina uzito wa takriban kilo 30, na mpe fundi mwenye vifaa.

Ukimaliza, endesha hadi taa iwake, jaza, andika lita zilizoingia, na simama nozeli inapokata mara ya kwanza. Asubuhi yake nusa chini ya gari: harufu ya petroli maana yake kuna klipu haijakaza.