Kufunga breketi za ukuta wa vioo kwenye ghorofa la mviringo

Tuanze na dhana inayowapoteza wengi: jengo likionekana limepinda haina maana vioo vyake vimepinda. 30 St Mary Axe la London lina umbo kama tango, lakini kioo kilichopinda ni kimoja tu, cha kileleni. Vingine vyote ni bapa. Upinde unaletwa na namna ulivyopanga breketi, yaani vishikizo vinavyofunga fremu za vioo kwenye zege, kwa hiyo hapo ndipo pa kutoa jasho.

1. Gawa duara kwa pembe. Tuseme mstari wa vioo uko mita 20 kutoka kitovu, nawe unataka vioo vya kama mita 1.5. Mzingo ni mita 125.7, basi weka vipande 84. Kila kimoja kinachukua nyuzi 4.286, na kutoka nguzo hadi nguzo ya alumini ni milimita 1,496. Alama zote mpe mpimaji azipige kwa mashine. Mimi kazi yangu ya kwanza ya mviringo nilivuta futi kwenye ukingo wa zege, kipande baada ya kipande. Kosa la milimita 2 hulioni kwa macho. Zidisha mara 84, ni milimita 168. Kioo cha mwisho kiligoma kuingia, tukafungua upande mzima.

2. Pima zege kabla ya kutoboa. Kioo bapa hukata njia ya mkato, kwa hiyo katikati yake husogelea zege. Chukua upana, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mita 20 mara 8: unapata milimita 14. Kioo cha mita 3 kingesogea 56! Isitoshe, mafundi mbao hupenda kufunga ukingo kwa mbao fupi zilizonyooka, zege likatoka na kona zake lenyewe. Pima kila sakafu, usiamini ramani.

3. Elekeza breketi kwenye kitovu. Usiifuate sura ya zege. Breketi iwe na matundu marefu ili isogee ndani na nje, kushoto na kulia, juu na chini.

4. Breketi moja ibebe, nyingine iongoze. Kioo cha tabaka mbili za milimita 6 kina kilo 30 kwa mita ya mraba. Cha mita 1.5 kwa 4 ni kilo 180, bila fremu. Uzito uning'inie kwenye breketi ya juu, ya chini iongoze tu. Chini acha nafasi: alumini ya mita 4 hurefuka karibu milimita 4 joto likipanda nyuzi 40, na sakafu nayo hushuka kidogo ikibebeshwa mzigo. Upepo pia huvuta kioo kwenda nje, si kusukuma tu.

5. Kaza. Pwani, tenga chuma na alumini kwa plastiki, la sivyo chumvi itaila alumini. Weka washa yenye meno, kaza kwa spana ya kipimo kama mchoro unavyosema, kisha piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye breketi. Rudi baada ya mwezi na tochi: mstari ukikatika, nati imezunguka.