Kabla kijana wako hajaitwa stesheni: mambo ya kupanga mapema

Wazazi wenzangu hapa Kenya, haya mambo tusingoje mpaka simu ilie saa tatu usiku uambiwe mtoto ameshikwa. Mpwa wangu wa miaka 15 alichukuliwa na wenzake hapo kwa steji, mimi nikafika nimechelewa, nikampata kwa kaunta hana mshipi wala kamba za viatu, mbele yake karatasi imeandikwa na mtu mwingine, yeye ameshika biro tu anangoja kuonyeshwa mahali pa kuweka sahihi. Hakuwa ameisoma. Akaniambia, "Anti, wamesema nikisaini naenda nyumbani."

Kwa hivyo cha kwanza kabisa mfundishe mtoto maneno ya kusema, leo, akiwa ametulia. Amwambie askari kwa heshima: "Afande, jina langu ni fulani, nina miaka 15, naomba mzazi wangu aje kwanza, sitaandikisha wala kusaini chochote kabla hajafika." Hiyo si kiburi. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoelewa, kunyamaza, kuongea na wakili na kutolazimishwa kukiri. Akariri pia namba yako ya simu, iwe kichwani, manake simu yake ikishachukuliwa ile namba aliyoisevu "Mum" haitamsaidia.

Weka kopi ya cheti cha kuzaliwa mahali unaweza kuipata hata stima zikipotea. Umri ndio kila kitu hapa. Chini ya miaka 18 ni mtoto hata awe mrefu kukuliko na ana ndevu, na Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa kosa la jinai, na chini ya 14 inachukuliwa hajui kutofautisha mema na mabaya mpaka korti ithibitishiwe anajua. Bila cheti utabaki kubishana na mtu anayemwangalia mtoto wako mabega.

Ukifika, uliza mapema: ameitwa kama shahidi ama kama mshukiwa? Uliza pia kama ameandikwa kwa OB (daftari la matukio la stesheni), chukua namba ya OB na jina la afisa anayeshughulikia kesi. Kama ni mshukiwa na wanataka akiri, jua kwamba kukiri mbele ya polisi yeyote tu hakuna nguvu kortini, Sheria ya Ushahidi inataka iwe mbele ya jaji, hakimu ama afisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa na sheria hiyo, ambaye si yule anayechunguza hiyo kesi, na mtu mwingine aliyechaguliwa na mwenyewe akiwepo. Keti hapo na mtoto. Soma kila mstari na yeye, kama kuna neno hakusema lifutwe kwanza.

Akilazwa seli, sisitiza asiwekwe na watu wazima, kifungu cha 53 cha Katiba kinasema hivyo na kinasema kumzuilia mtoto ni njia ya mwisho kabisa, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo. Kortini afikishwe ndani ya saa 24, lakini hizo saa zikiisha siku isiyo ya korti inasongeshwa mpaka siku ya korti inayofuata, ndio maana mtoto akishikwa Ijumaa jioni usilale, itisha bondi ya polisi, yaani aachiliwe kwa ahadi ya kurudi akiitwa, hiyo hiyo jioni. Bondi ya polisi hailipiwi. Ukiambiwa ni dhamana ya pesa, itisha risiti ya serikali kabla pesa haijatoka mkononi.

Kama huna wakili uliza kuhusu msaada wa kisheria wa serikali, upo chini ya sheria ya 2016, na namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure kupiga. Mimi zote nimezibandika ndani ya mlango wa kabati, na mpwa wangu namba yangu sasa anaitaja bila kufikiria.