Daka, Tekani na Sabule: Namna ya Kuitambua Fayawoli ya Kweli na Kuiweka

Neno fayawoli lilitumiwa na waashi kabla ya kufika kwa mafundi wa kompyuta. Lilikuwa jina la ukuta unaojengwa baina ya nyumba mbili, au baina ya vyumba viwili, ili moto ukizuka upande mmoja usipate njia ya kuvukia wa pili. Kwenye kompyuta ni kifaa au programu inayochagua mawasiliano yapi yapite na yapi yazuiwe. Wanaolitafsiri kuwa "ukuta wa moto" wameleta balaa kidogo, kwa sababu msikiaji huona ukuta unaowaka, wenye ndimi za moto zinazomuunguza kila anayekaribia, na hapo fayawoli ya kufikirika huwa imeshajengeka kichwani kabla ya ile ya kazi kuwekwa. Mkaazi wa Lamu hana haja ya picha hiyo. Katika mtaa wa Mkomani, ambako kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, moto wa jikoni una nafasi ya kuishia jikoni. Penye mapaa ya makuti yaliyosongamana, moto ukishashika upepo wa kusi hauulizi kiwanja ni cha nani.

Nyumba hizo za mawe zimenisaidia sana katika kazi yangu, ambayo ni kutunza mitandao ya nyumba za wageni, saiba na ofisi ndogo hapa kisiwani, kwani wateja wangu wengi wanajua maana ya tekani, ule ukumbi wa ndani ya mlango, lakini hawajui NAT, ile kazi ya ruta ya kubadilisha anwani, ni nini. Mwongozo huu ni wa watu kama wao: mwenye kompyuta tano au kumi, ruta moja, kamera kadhaa, na wageni wanaoulizia Wi-Fi kabla hawajatua mizigo.

Anza kwa kuhesabu milango. Kila kompyuta iliyo mtandaoni ina anwani, na kwenye anwani hiyo kuna milango yenye nambari, inayoitwa poti, kuanzia 1 hadi 65,535 kwa itifaki (kanuni ya mawasiliano) ya TCP na idadi iyo hiyo kwa itifaki ya UDP. Poti huwa wazi pale tu programu fulani inapokaa nyuma yake ikisubiri kupigiwa hodi: seva ya tovuti husubiri kwenye 80 na 443, huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili husubiri kwenye 445, na ile ya kuiendesha kompyuta ya Windows kutoka mbali husubiri kwenye 3389. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike "netstat -ano". Kwenye Linux andika "sudo ss -tulpn". Chukua karatasi, orodhesha kila poti inayosubiri, programu iliyo nyuma yake, na mtu anayeihitaji. Poti isiyohitajiwa na mtu yeyote, dawa yake ya kwanza ni kuizima programu yenyewe, na fayawoli ibaki kwa zile zinazosalia. Nimewahi kuitwa mahali ambapo kifaa cha gharama kubwa kilinunuliwa kulinda huduma ambayo hapakuwa na aliyekumbuka kwamba ipo.

Ukishaipata orodha hiyo, zitazame kuta za kufikirika, kwa kuwa ndizo zinazowalaza watu usingizi wa raha. Iliyo kubwa kuliko zote ni NAT. Nyumba ya kale ya Lamu haimruhusu mpita njia kuona ndani hata mlango ukiwa wazi: mtu hutoka daka, kibaraza cha mlangoni, huingia tekani, na njia hupinda kabla ya kufika kiwandani, yaani uani. Kupinda huko ni sitara, lakini si komeo. NAT ilielezwa mwaka 1994 kwa nia ya kukabiliana na uhaba wa anwani za IP, ikaziwezesha kompyuta nyingi zenye anwani za ndani, kwa mfano zile zinazoanza kwa 192.168, kutoka nje kwa anwani moja tu. Ni kweli kwamba hodi isiyotarajiwa ikifika kwenye ruta hukosa pa kupelekwa, ikapotea, na manufaa hayo si madogo. Hata hivyo ruta nyingi zina huduma iitwayo UPnP, ambayo hukikubalia kifaa chochote cha ndani kinachoomba kufunguliwa mlango, bila mwenye nyumba kuulizwa. Isitoshe, anwani za IPv6, toleo jipya linaloifuata IPv4, zina biti 128, hazina uhaba, na hazihitaji NAT. Mtoaji wako wa huduma akiziwasha, kompyuta yako yaweza kuwa na anwani inayofikika kutoka popote duniani huku wewe ukiendelea kuutegemea ule upindaji wa tekani.

Mteja wangu mmoja wa Shela alikuwa na kamera nne alizoziamini kuwa zimo ndani ya ulinzi. Alikuwa akizitazama kwa simu hata akiwa Mombasa, na hakuwahi kujiuliza: ikiwa yeye anafika kwa wepesi huo, nani mwingine anafika? Kamera zilikuwa zimejifungulia mlango kwa UPnP, na neno la siri lilikuwa lile lililotoka nalo kiwandani. Kwa kamera na ruta za namna hiyo, mwaka 2016, programu hasidi ya Mirai ilikusanya jeshi lake, ikijaribu orodha fupi tu ya maneno ya siri ya kiwandani, na mwezi Oktoba jeshi hilo likaielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyohudumia majina ya tovuti, hata tovuti nyingi mashuhuri zikakosa kufikika. Basi ingia kwenye ruta, zima UPnP, futa kila njia iliyoelekezwa ndani ambayo huitambui, ubadilishe neno la siri la ruta na la kila kamera.

Ukuta mwingine wa kufikirika ni kompyuta isiyounganishwa na mtandao, ambayo watu huidhani kuwa salama kabisa. Programu hasidi ya Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, ilifika kwenye mitambo ya nyuklia ya Iran kwa kubebwa ndani ya flashi. Neno la siri la Wi-Fi nalo huzuia wasiolijua tu, na katika nyumba ya wageni kulijua ndiyo kawaida. Ukuta wa mwisho wa aina hii ndio unaonichukiza zaidi: fayawoli halisi, iliyolipiwa, ambayo fundi alishindwa kuifanya ipatane na printa, akaweka kanuni ya kuruhusu vyote "kwa muda", akaondoka.

Tukija kwenye kuta za kweli, ya zamani zaidi ni kichujio cha pakiti, yaani cha vile vipande vya data vinavyosafiri kama bahasha, kilichoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ule ambao mnyoo (programu inayojisambaza yenyewe) wa Morris, ulioachiliwa tarehe 2 Novemba 1988, uliwaonyesha wenye mitandao kwamba jirani wa mtandaoni si lazima awe mwema. Kichujio husoma juu ya bahasha tu: imetoka wapi, inakwenda wapi, kwa poti gani. Hakina kumbukumbu. Ukitaka majibu ya tovuti yakurudie, inabidi uache wazi poti nyingi za juu, kwani kichujio hakiwezi kutofautisha jibu na hodi ya mgeni. Kasoro hiyo iliondolewa na fayawoli yenye kumbukumbu, iliyoenea sokoni kuanzia mwaka 1994 kwa bidhaa ya Check Point. Hii ni bawabu wa kweli. Humwona mtoto wa nyumba akitoka kwenda dukani, hulikumbuka jambo hilo, na anayerudi na mkoba humruhusu. Asiyetoka ndani wala kuitwa na wa ndani humwacha barazani. Fayawoli iliyomo ndani ya ruta yako na ile iliyomo ndani ya Windows au Linux zote mbili ni za aina hii, na kwa ofisi ya kompyuta kumi zinatosha zikiwekwa vizuri.

Kwenye ruta, kanuni ya msingi iwe kukataa kila kinachoingia bila kuitwa, kwa IPv4 na kwa IPv6 vilevile. Kwenye kompyuta za Windows, hakikisha fayawoli imewashwa. Microsoft iliifanya iwe inawaka yenyewe tangu toleo la pili la marekebisho ya Windows XP, Agosti 2004, mwaka mmoja baada ya mnyoo wa Blaster. Windows ikikuuliza aina ya mtandao, chagua wa umma kila uwapo mkahawani au kiwanja cha ndege cha Manda, na wa faragha ofisini kwako pekee. Usiseme kwamba ruta inatosha. Tarehe 12 Mei 2017 mnyoo wa WannaCry ulipozuka kupitia poti 445, ukishaingia kwenye kompyuta moja ulizitafuta nyingine kwa njia ya mtandao wa ndani, na bawabu wa mlango mkuu hana habari ya yanayopita baina ya chumba na chumba. Kwenye Ubuntu, aina ya Linux ambayo fayawoli yake huitwa ufw, andika "sudo ufw default deny incoming", kisha "sudo ufw limit 22/tcp" ikiwa unaiendesha kutoka mbali (kwa SSH, inayosubiri kwenye poti 22), na mwisho "sudo ufw enable". Neno "limit" humfungia anayejaribu kuunganisha mara sita au zaidi ndani ya sekunde 30. Mpangilio huo usiugeuze. Sababu yake nitaieleza.

Zipo pia fayawoli zinazofungua bahasha na kusoma barua. Siku hizi barua nyingi husafirishwa kwa HTTPS, zikiwa zimefumbwa, na ili kifaa kizisome ni lazima cheti chake kiwekwe ndani ya kila kompyuta. Kwa benki jambo hilo lina maana. Kwa nyumba ya wageni sioni faida yake, na kusoma mawasiliano ya mgeni ni kujitafutia kesi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Badala yake tumia kichujio cha majina ya tovuti, yaani DNS: kwenye ruta weka 9.9.9.9, anwani ya Quad9, ambayo hukataa kutafsiri majina ya tovuti zinazojulikana kuwa na hila. Ni bure, na ni kazi ya dakika tano.

Sasa sabule. Wazee waliojenga nyumba za Lamu walijua kwamba mgeni hapaswi kufukuzwa wala kuingizwa mpaka ndani, wakamtengea chumba chake chenye ngazi iliyo karibu na mlango, apate kukirimiwa bila kuvuka faragha ya wenyeji. Ikiwa utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Tengeneza Wi-Fi ya pili kwa ajili ya wageni, yenye anwani zake mbali na zile za ofisi, na kwenye fayawoli ya ruta weka kanuni inayoikataza isiufikie mtandao wa ofisi, huku intaneti ikiwa ruhusa. Washa pia kinga inayowatenganisha wageni wenyewe kwa wenyewe. Kamera ziwekee chumba cha tatu, zisizoweza kuanzisha safari ya kuelekea ofisini. Printa ibaki upande wa ofisi. Mgeni mwenye tiketi ya kuchapisha ataituma kwa barua pepe, na akinung'unika mpe kahawa.

Kwa aliye mbali anayehitaji kuingia, kama yule wa Shela, tumia VPN, njia ya faragha iliyofumbwa inayopita ndani ya intaneti. Mpita njia wa Mkomani hupita chini ya wikio, kile chumba kilichovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba za jamaa, wala hamwoni apitaye ndani yake. Programu ya WireGuard hufanya kazi hiyo kwa poti moja tu ya UDP, na asiye na ufunguo hajibiwi lolote. Kumbuka tu kwamba anayekuja kwa wikio hapiti mbele ya bawabu, kwa hiyo kompyuta iliyo upande wa pili yapasa iwe safi kama ya kwako, nayo uipe ruhusa ya kufika kwenye kamera tu ikiwa ndizo anazozitaka.

Yapo ambayo ukuta hauyawezi. Julai 2023 huduma za eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, zilizidiwa na wingi wa maombi ya uongo, na fayawoli ya mlangoni haisaidii umati ukishaujaza mtaa. Wala haimzuii karani kubonyeza kiungo alichotumiwa kwa barua pepe, kwa kuwa hapo ni mtoto wa nyumba aliyetoka mwenyewe kumwita mgeni.

Baada ya kuweka yote, jaribu. Zima Wi-Fi ya simu, tumia data, kisha kwa programu ya nmap ipigie hodi anwani yako ya nje. Kwanza linganisha anwani inayoonyeshwa ndani ya ruta na ile inayoonekana na tovuti za nje. Zikitofautiana, na hasa ya ruta ikiwa baina ya 100.64 na 100.127, mtoaji wa huduma amekuweka pamoja na wengine nyuma ya NAT yake, nawe utakuwa unaupima mlango wake. Halafu ingia kwenye Wi-Fi ya wageni ujaribu kuifikia kompyuta ya ofisi. Ikijibu, sabule yako bado ni mchoro.

Nilichoahidi kueleza kuhusu mpangilio wa zile amri za ufw ni hiki. Nilikuwa Lamu nikibadilisha kanuni za seva iliyoko Faza, nikawasha fayawoli kabla ya kuiruhusu poti 22. Mstari wa mwisho kwenye kioo changu haukujibiwa tena. Boti za Faza, iliyo kisiwa cha Pate, hupita mkondo wa bahari wa Mkanda, na Mkanda hungoja maji yajae, hivyo nilisafiri kesho yake kwenda kuandika amri moja. Tangu hapo, kabla ya kugusa fayawoli iliyo mbali, huandika kwanza: echo "ufw disable" | sudo at now + 10 minutes. Nikijifungia nje, baada ya dakika kumi mlango hufunguka wenyewe. Nikiona bado naingia, na huwa najaribu kwa dirisha jipya bila kulifunga la zamani, huitafuta nambari ya amri hiyo kwa "sudo atq" na kuifuta kwa "sudo atrm". Watumiaji wa ruta za MikroTik wana Safe Mode, inayorudisha mambo yalivyokuwa mawasiliano yakikatika. Programu ya at huenda haimo kwenye seva yako. Iweke leo, ungali unaingia.