"Bank" si benki kila mara

Nyinyi mnaojifunza Kiingereza hapa Bukavu huku Kifaransa kimewajaa kichwani, muwe macho na neno bank. Juzi mdogo wangu alikutana na "the right bank of the Ruzizi", akatafsiri "benki nzuri ya Ruzizi". Tulicheka, ila kosa lenyewe linaeleweka. Hapo bank ni ukingo wa mto, na right ni kulia. Kulia kwa nani? Kwa mtu anayetazama maji yanakoelekea. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika, kwa hiyo pale mjini ukingo wa kulia ni wetu, wa kushoto ni wa Rwanda.

Bank ya pesa ilianzia Italia: banca, yaani benchi au meza ya mbadilisha pesa. Ukitaka kuiona, mtazame mama anayebadilisha dola kando ya barabara: kimeza, mabunda ya faranga, basi. Kuta na walinzi vilikuja baadaye. Benchi lililovunjika, banca rotta, ndilo lililowapa Waingereza bankrupt, mtu aliyefilisika, na Wafaransa banqueroute, kufilisika kwenyewe. Ile ya mto inaelekea ililetwa na watu wa Skandinavia.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kamusi, angalia majirani wa neno. Pakiwa na mto, ni ukingo. Pakiwa na damu, ni akiba ya hospitali. Ndege ikifanya bank, imelalia bawa moja ili ikate kona. Na rafiki akikuambia "bank on me", hakukopeshi kitu, anasema umtegemee.