Kadi ya gari kwanza, fedha baadaye
Ukinunua gari lililotumika katika yadi hapa Mwanza na ukaambiwa kwamba kadi yake iko Dar es Salaam na itafika na basi kesho, tafadhali usilipe fedha yote siku hiyo, kwani bila kadi halisi utakwama kubadili umiliki katika Mamlaka ya Mapato. Mimi nilisubiri wiki sita, gari likiwa limeegeshwa uani Nyegezi. Kadi ikifika, fungua boneti, futa vumbi kwa kitambaa na ulinganishe namba ya chasisi tarakimu kwa tarakimu. Jina la mmiliki likiwa si la muuzaji, dai pia mkataba wa mauziano baina yao, uliosainiwa mbele ya wakili.