Pawa saplai ya kompyuta ikiunguza fyuzi
Fyuzi ikiungua tena mara tu unapochomeka, usiweke kubwa zaidi wala usiizungushie waya. Tazama kwanza kiswichi cha nyuma cha kuchagua volti: kikiwa 115 kwa umeme wetu wa 240, mchawi ndiye huyo, na huenda varista (kifaa kinachozuia volti zikizidi) na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) zimeshapasuka. Kikiwa 230, chomoa, toa chaji ya kapasita kubwa kwa kugusisha waya za balbu kwenye miguu yake (hubeba volti zaidi ya 300), kisha pima dayodi za daraja (zinazogeuza AC kuwa DC) na transista za swichi (zinazokata na kuunga umeme kwa kasi). Inayopitisha umeme pande zote imekufa. Huku Kisumu, baada ya radi, anza na varista.

Kabla ya kuwasha, unga balbu ya filamenti ya wati 100 mfululizo na waya wa moto, yaani umeme upitie kwenye balbu kwanza. Ikimulika kisha ikafifia, sawa. Ikibaki inawaka kabisa, shoti ingalipo.