Mbwa Kagongwa Mombasa, Nawe Uko Ng'ambo: Nani Aamue, Nani Alipwe

Mombasa ni saa mbili usiku. Lango liliachwa wazi, mbwa akatoka mbio, tuktuk ikampitia mguu wa nyuma. Wewe uko Toronto, mchana, katikati ya kazi, na swali la kwanza linalokutoka ni "wanataka pesa ngapi?" Pesa kwa kawaida hufika. Kinachokwamisha ni kwamba mlinzi anamsubiri mama, mama anakusubiri wewe, daktari anasubiri malipo ya awali, na mbwa anaendelea kuvuja damu.

Kwa hiyo mteue mtu mmoja wa kuamua, sasa hivi, mbwa akiwa mzima. Asiwe mkubwa wa familia kwa heshima tu. Awe yule anayeshika simu usiku na anayeweza kumgusa mbwa. Kisha iandikie kliniki ujumbe wa WhatsApp: fulani ana idhini yangu kumpeleka mbwa huyu atibiwe, na hadi shilingi kiasi hiki msinisubiri. Weka humo umri wa mbwa, picha ya kadi ya chanjo na uzito wake, maana dawa na nusukaputi hupimwa kwa kilo. Kama hamna kliniki mnayoijua, chanjo ya kichaa cha mbwa ya kila mwaka ndiyo nafasi nzuri ya kufungua faili.

Ajali ikitokea, pigiwa video. Picha hudanganya, na wapo matapeli wanaotuma picha za zamani. Mbwa mwenye maumivu humuuma hata anayempenda, basi afungwe mdomo kwa leso iliyokunjwa, isipokuwa anapotapika au kuhema kwa shida. Jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi bila kufunuafunua kutazama. Abebwe juu ya ubao, hata mlango wa kabati, ili mgongo usipinde. Mwambie aliye naye ainue mdomo akuonyeshe fizi: zikiwa za waridi, kuna nafasi, zikiwa nyeupe, hana muda. Akibonyeza ufizi kwa kidole kisha akauachia, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Asipewe chakula wala maji, kwani huenda akahitaji nusukaputi. Na tafadhali, Panadol, Brufen na Diclofenac zikae kabatini. Zinampendeza mpaji kwa sababu zinamsaidia yeye, lakini zinaweza kumharibu mbwa ini, tumbo na figo.

Kuna jambo ambalo sisi tulio mbali hulisahau haraka. Mombasa majirani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate na unyevu wa mbwa ni najisi: kilichoguswa huoshwa mara 7, moja kwa maji yenye udongo. Dereva wa tuktuk anayesita hana roho mbaya. Anawaza kiti chake na swala yake. Gunia au turubai la kumfunika mbwa mwili wote, glavu mbili, na nauli ya juu kidogo kwa ajili ya kuosha chombo humaliza mazungumzo ambayo matusi yangeyarefusha. Afadhali zaidi, kubaliana mapema na dereva mmoja anayejua kuna mbwa.

Ikiwa mbwa yuko Likoni au Ukunda na kliniki iko Nyali, kuna feri ya Likoni katikati, na foleni yake haijui dharura. Mwenye gari azingatie kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Hili pia ni la kuamuliwa kabla.

Daktari mwenyewe awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Sheria ya mwaka 2011 inawatenganisha madaktari wa mifugo wenye shahada na wahudumu wa mifugo wenye cheti au diploma, ingawa mtaani wote huitwa "daktari". Kuchanja ni kazi moja, kufungua tumbo ni nyingine. Omba namba ya usajili, anayestahili hatanuna.

Halafu uwe na subira ya aina yake. Mguu uliovunjika ndio unaotisha kwenye video, lakini kifua ndicho kinachoua. Gari likimgonga mbwa, mapafu yanaweza kuchubuka, kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kikachanika, au kibofu kikapasuka bila alama yoyote nje. Daktari akiufunga mguu kwa bendeji, akaweka dripu na dawa ya maumivu, akataka eksirei ya kifua na kumwangalia siku moja au mbili kabla ya upasuaji, hachelewi. Ndivyo inavyotakiwa. Vivyo hivyo kipimo cha damu: pwani kupe ni wengi, na magonjwa wanayoyaleta hupunguza chembe za kugandisha damu. Mbwa anayeonekana mzima anaweza kuvuja damu mezani. Kipimo hicho usikipunguze kwenye bili.

Mguu wenyewe una njia kadhaa: plasta kwa mivunjiko michache ya chini, vyuma kwa mingine, au kuukata. Kwa maoni yangu, wanadiaspora wengi hukimbilia vyuma kwa sababu ya aibu ya kukata. Mbwa wa miguu 3 hukimbia, hucheza na hubweka langoni kama kawaida, na kidonda chake mara nyingi hupona mapema. Vyuma vinataka mbwa afungiwe mahali padogo wiki 6 hadi 8, atolewe kwa kamba tu, arudishwe kwa eksirei. Nani huko nyumbani, tuseme mtaani Kisauni, atafanya hivyo? Na joto la Mombasa na nzi: kidonda kisipotazamwa kila siku huingia funza. Ukimpata mtu wa kazi hiyo, lipia vyuma. Usipompata, unanunua upasuaji wa pili.

Sasa malipo. Omba makadirio ya maandishi, yaliyogawanywa: eksirei, upasuaji, kulazwa kwa siku, dawa. Ilipe kliniki moja kwa moja, kwa till au paybill (namba za biashara za M-Pesa) au akaunti ya benki, na upigie namba ya kliniki unayoijua kabla ya kutuma. Binamu yako si mwizi, ila shilingi ikipita mkononi mwa mtu mwenye karo ya mtoto Jumatatu, inapata safari zake. M-Pesa ina mpaka wa shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Programu za kutuma pesa kama Wise, WorldRemit na Sendwave hufikisha M-Pesa upesi, lakini kiasi kikubwa cha kwanza kinaweza kuzuiwa wakuulize kitambulisho na chanzo cha pesa. Sajili akaunti na utume kidogo leo. Bima ya mbwa uliyonunua Uingereza au Kanada usiitegemee. Ni ya mbwa unayeishi naye huko.

Aliyekesha na mbwa mtumie fungu lake, mbali na la kliniki: nauli, chakula, vocha na asante.

Uti wa mgongo ukivunjika, muulize daktari swali moja: akibanwa vidole vya nyuma kwa nguvu, anasikia maumivu? Kuurudisha mguu bila kugeuka wala kulia si dalili kwamba anasikia. Kama hasikii kabisa, matumaini ya kutembea ni madogo sana, na sindano ya kumpumzisha milele ni uamuzi wa haki. Toa jibu wewe, kwa sauti yako, usimtwike mama.

Na mtu yeyote akiumwa na mbwa katika purukushani hiyo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kadi ya mbwa iko sawa. Bili hiyo nayo ni yako.